Siku 21 za inkubeta ya boksi la samaki, nyumbani nikiwa peke yangu

Jumamosi 14 Desemba

Wameondoka. Saa kumi na moja alfajiri tulishafika stendi ya Magufuli pale Mbezi na ilikuwa imefurika kama inavyofurika kila Desemba, watu wa Moshi na Arusha na mabegi yao na ndoo na mablanketi ya kuwapelekea wazee. Baba, mama na wadogo zangu wawili wanaenda kwa bibi Marangu mpaka shule zikaribie kufunguliwa, mi nimebaki Kimara na nyumba na mbwa, kwasababu mwaka juzi tuliondoka wote na tuliporudi tukakuta mita ya maji imeng'olewa. Tukakubaliana mwaka huu anabaki mmoja, na mi ndo sina shule wala kazi, diploma nimemaliza mwezi wa saba na maombi nimetuma mpaka nimeacha kuhesabu, kwahiyo ikawa mimi.

Kabla basi halijatoka mama akanivuta pembeni, "mwanangu, nyumba usiiache, usizurure." Hakusema kwa ubaya, ananijua tu. Nikikaa ndani masaa mawili miguu inaanza kuwasha, naenda dukani kununua kitu ambacho hata hatukihitaji ilimradi nitoke. Na anajua pia toka nimalize chuo sijamaliza chochote nilichoanzisha, sabuni ya maji niliacha wiki ya pili, kozi ya kutengeneza matangazo kwenye kompyuta niliishia somo la sita, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba imebaki magugu. Inaniuma kweli hii.

Nimerudi saa mbili nikafagia uwanja wote, nikaosha madirisha, nikafua mapazia, kufika saa saba mchana kazi hakuna na nyumba iko kimya mpaka nasikia friji inavyounguruma. Siku 27 zote hizi nitafanya nini. Jioni ndo nikaangalia kalenda ya ukutani na lile wazo nililokuwa nalo toka mwaka jana la kutotolesha vifaranga. Yai la kuku siku 21. Nikiweka Jumanne tarehe 17 yanatoka Jumanne tarehe 7 Januari, wao wanarudi Ijumaa tarehe 10. Imeingia kabisa. Naandika kila kitu, hata kikiharibika naandika, ili safari hii nisiache kimyakimya.

Jumapili 15 Desemba

Nimetoka alfajiri na mwendokasi mpaka Kivukoni, pale ukishuka soko la samaki la Feri liko jirani tu, nikanunua boksi jeupe lile jepesi wanalowekea samaki na barafu. Lilikuwa na ufa mdogo pembeni, nimeziba na gundi. Nimeliosha mara tatu na sabuni, nikamalizia na jiki, nimelianika juani kutwa nzima na bado ukisogeza pua kwa karibu unasikia kibua. Baadae nikapita Kariakoo kutafuta themostati, kile kibao kidogo chenye namba nyekundu na waya mrefu wenye sensa ya joto mwishoni, kinaitwa W1209, kinatumia umeme wa volti 12. Adapta ya volti 12 tunayo ya king'amuzi cha zamani kilichokufa, na feni nimetoa kwenye kompyuta mbovu ya baba (nimemuomba kwa simu kwanza, akasema chukua).

Kilichonisumbua kupata ni globu. Nataka zile za zamani zenye waya ndani maana ndo zinatoa joto, hizi za siku hizi za kubana matumizi zinatoa mwanga tu, ukishika hata hazikuunguzi. Nimezunguka maduka sita ndo nikapata mbili za wati 40. Nazifunga mbili kwa makusudi, ikiungua moja usiku nyingine inabaki.

Jumatatu 16 Desemba

Nimefunga nyaya mwenyewe ila sijachomeka. Nimelibeba boksi lote mpaka kwa fundi wa redio karibu na kituo, nikamwambia fundi naomba uangalie kabla sijaunguza nyumba ya watu. Akakaza sehemu mbili, akafunika maungio ya umeme mkubwa na tepu, hakutaka hela, akasema tu vikitoka nimletee jogoo. Nimemuahidi.

Usiku mzima limewaka tupu bila mayai. Kwanza joto likawa linapanda mpaka 39 na zaidi, linashuka, linapanda tena, nikadhani nimeuziwa kibovu, kumbe kinakuja kimepangwa kiachie nafasi ya digrii mbili kati ya kuzima na kuwasha. Ukibonyeza kitufe cha kupanga ukashikilia inakuja P0, hapo unaweka H ya kupasha joto, afu P1 ndo hiyo nafasi, nimeishusha ikawa 0.3. Joto nimeweka 37.7. Sikuiamini namba yake hivihivi, nimechukua themomita ya kupimia homa nikaiweka pamoja na sensa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, zimepishana 0.2 tu. Juu ya mfuniko nimekata dirisha nikaweka kioo cha fremu ya picha iliyovunjika. Hilo dirisha ni muhimu kuliko nilivyofikiria, bila hilo ungefunua kila dakika.

Jumanne 17 Desemba, siku ya 0

Mayai 30 ya kienyeji, 600 kila moja, kutoka kwa mama mmoja huku Temboni mwenye majogoo mawili uwanjani, nimeyaona kwa macho yangu. Mayai ya trei ya dukani usihangaike nayo, yale ni ya kuku wa mayai wasioishi na jogoo, hayana mbegu, utayapasha joto siku 21 upate uvundo. Nimemuomba anipe ya siku saba za mwisho tu. Sijayaosha, yenye uchafu kidogo nimefuta na kitambaa kikavu, maana ganda lina utando wa nje unaozuia wadudu na ukiosha unauondoa.

Kila yai nimechora X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Kuku akiatamia anayageuza mwenyewe kwa mdomo, asipogeuza kiini kinaganda kwenye ganda. Nitageuza mara tano kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Tano na sio nne ili ule upande unaokaa juu usiku kucha usiwe uleule kila siku. Saa kumi na mbili na robo jioni nimefunika.

Nimepiga simu Marangu. Wadogo zangu walikuwa wanapigana kushika simu, bibi akaichukua akauliza kuku mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia bibi hakuna kuku, ni globu mbili. Akanyamaza kidogo afu akasema "basi mjukuu wangu wewe ndiye kuku, usitoke."

Alhamisi 19 Desemba, siku ya 2

Joto 37.6 mpaka 37.9. Hakuna jipya, na hilo ndo gumu. Kati ya kugeuza na kugeuza kuna masaa manne na sijui nijifanye nini, nimefua viatu vya nyumba nzima.

Jumapili 22 Desemba, siku ya 5

Naandika hii mikono inatetemeka. Saa nne asubuhi nimegeuza mayai haraka haraka niwahi ibada ya pili, nimefunika nikakimbia. Nimerudi saa saba kasoro nachungulia kwenye kioo, themomita ya pembeni inasoma 40.4. Sensa ilikuwa imetoka. Wakati nageuza nimeivuta bila kujua, ikawa inaning'inia nje ya boksi inasoma joto la sebuleni, digrii 31, kwahiyo kibao kinaona bado baridi na globu hazikuzima hata mara moja, karibu masaa matatu.

Nimefunua mfuniko nikapepea na kanga mpaka ikashuka. Baridi mayai yanaweza kuvumilia kwa muda, kuku mwenyewe anaondoka kwenda kula na kurudi, ila joto likizidi vinapikika humohumo. Nilikaa chini kwenye sakafu pale nikalia kwakweli. Hapo ndo ile sauti ikaanza, zima, tupa, nenda zako Mlimani City ukatembee, mama utamwambia umeme ulisumbua. Naijua hiyo sauti, ndo iliyoniambia niache sabuni.

Saa nane nimegeuza. Sensa nimeifunga na uzi kwenye trei, nikaizungushia tepu, iko usawa wa juu ya mayai na haiwezi kutoka hata nikivuta. Sitajua yapi yamekufa mpaka keshokutwa.

Jumanne 24 Desemba, siku ya 7

Siku ya kupima kwa mwanga. Nimesubiri giza, nikazima taa zote, tochi ya simu nimeifunika na kipande cha boksi chenye tundu dogo, unaweka yai juu ya tundu upande ule mnene wenye chumba cha hewa. Yai la kwanza jeupe tupu, moyo ukashuka. La pili nikaona mishipa. Sijui niielezee vipi, kama mizizi myekundu inatoka kwenye kidoa kimoja cheusi, na kile kidoa kikatikisika. Nimelishika mpaka nikajiambia rudisha lisipoe.

Hesabu, mayai 30. Manne hayana mbegu kabisa. Matatu yana pete ya damu, yaani mstari mwekundu wa duara bila mishipa, hayo yalianza yakafa, na naamini ni ile Jumapili. 23 yako hai.

Nilipomaliza nimetoka uani nimesimama tu. Kwa majirani kuna harufu ya vitunguu na mchele, watoto wanapiga fataki, na mi nimejaa furaha na sina wa kumwambia zaidi ya mbwa. Nimempigia mama saa nne na nusu baada ya kugeuza, huko walikuwa wanachoma nyama na kelele kibao, hakunisikia vizuri, nikamwambia tu wako 23 mama. Akasema 23 nini? Vifaranga mama. Akasema "Yesu wangu."

Jumatano 25 Desemba, siku ya 8

Krismasi. Nimeenda ibada ya kwanza ya alfajiri ili saa nne niwe nimerudi. Nimepika pilau ya mtu mmoja, nikampelekea mama jirani sahani, na yeye akanirudishia keki. Sisi nyumbani kwa bibi leo ingekuwa mtori asubuhi, kiburu cha ndizi na maharage, mbuzi anachinjwa, baba na baba zangu wadogo wanakaa chini ya migomba kihambani, lile shamba la nyumbani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, na watoto wanakimbizwa wasikanyage majimbi. Saa nane mchana nilipokuwa nageuza nikawaza sasa hivi wanakula. Nimegeuza yote 23, hilo ndo lililokuwa langu la leo.

Mama jirani anauza keki kwahiyo ana mizani ya kidijitali, nimemuomba niiazime, na hapo nimegundua kitu ambacho naona kila mtu wa Dar anayejaribu hii kazi akijue. Siku ya 0 nilipima mayai sita kwenye mizani yake hiyohiyo, jumla gramu 270. Yai linatakiwa lipoteze maji taratibu, mpaka siku ya 18 liwe limepungua kama asilimia 12 au 13, ndo chumba cha hewa kinakuwa kikubwa cha kutosha kifaranga kupumua kabla hakijatoboa. Kwa hesabu hiyo leo yangekuwa karibu na 255. Yanasoma 260. Yanapungua polepole mno, yaani humo ndani unyevu ni mwingi.

Lakini kipima unyevu changu kinasema asilimia 57, na wote wanasema 50 mpaka 55 sio mbaya. Nani muongo? Kuna njia ya kupima kwa chumvi, unaweka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, unailowesha kidogo iwe kama uji mzito sio maji, unaifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kipima unyevu masaa manane. Lazima kisome 75, chumvi ya mezani ndo tabia yake hiyo.

Alhamisi 26 Desemba, siku ya 9

Kimesoma 68. Kinapunguza kwa 7. Kwahiyo 57 yake ni 64 ya kweli, na mi nimeweka bakuli la maji ndani toka siku ya kwanza kwasababu kila video niliyoangalia inasema weka maji. Wale wengi wao wako nchi za baridi, hewa yao kavu. Dar mwezi wa kumi na mbili mvua za vuli hazijaisha, ukianika taulo asubuhi jioni bado lina unyevu, hewa yenyewe imeshabeba maji, ukiipasha mpaka 37.7 inabaki karibu nusu bila kuongeza tone. Nimetoa bakuli. Baada ya saa moja kimesoma 42, ukiongeza 7 ni 49. Hapo sawa.

Marafiki zangu wako Kigamboni baharini leo, wamenipigia mara tatu. Kivuko, foleni, kukaa, kurudi, haiwezi kuwa chini ya masaa sita. Nimewaambia siji. Nilivyokata simu nilizunguka nyumba kama mara kumi, mwili unataka kwenda, kweli kabisa unataka, afu saa nane ikafika nikageuza.

Jumamosi 28 Desemba, siku ya 11

Mvua kubwa na umeme umekatika saa mbili usiku. Nimechemsha maji kwenye gesi nikajaza chupa nne za nusu lita, kila moja nimeivingirisha na kipande cha kanga, nimezipanga pembeni zisiguse mayai, mfuniko juu, blanketi juu yake ila tundu mbili za hewa nimeziacha wazi maana humo ndani viumbe vinapumua. Kila dakika arobaini nabadilisha maji. Sijawasha mshumaa karibu, boksi hili linashika moto upesi. Joto la chini kabisa nililoona ni 33.5. Umeme umerudi saa saba na dakika kumi usiku. Nilikuwa nimekaa na kurunzi mdomoni na chupa mkononi na mbwa ameingia ndani kwasababu ya radi amelala miguuni kwangu, na nimeshangaa kwamba masaa matano yote sikuwaza kwenda popote.

Jumanne 31 Desemba, siku ya 14

Nimepima tena. Yamejaa giza sasa, mishipa minene pembeni ya chumba cha hewa, na ukitulia unaona kitu kizima kinajigeuza ndani. Mawili yamekufa. 21. Uzito wa yale sita (yote bado hai, namshukuru Mungu) ni 246, tumerudi kwenye mstari.

Saa sita usiku mtaa mzima umelipuka kwa fataki na honi na masufuria. Niliweka mkono juu ya boksi kama vile yanasikia.

Jumamosi 4 Januari, siku ya 18

Leo ndo mwisho wa kugeuza. Limekufa moja, yamebaki 20, uzito wa sita 237, ambayo ni kama asilimia 12 imepungua. Nimeyatoa kwenye trei nimeyalaza juu ya kitambaa cha gunia kilichooshwa, sio gazeti, maana kifaranga akisimama kwenye kitu kinachoteleza miguu inatanuka na anaweza kuwa kilema. Bakuli la maji limerudi na sponji kubwa juu yake, sasa unyevu unatakiwa uwe 65 mpaka 70 ili ule utando wa ndani usikauke wakati wanatoboa. Kuongeza maji nimepitisha mrija kwenye tundu, sitafunua mpaka wamalize.

Bibi kasema niyaweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, likitikisika juu ya maji kuna kifaranga, "lisilotikisika mjukuu wangu halina mtu ndani." Hiyo "halina mtu" imenikaa kichwani kutwa. Yeye amefanya hivyo miaka yote na kuku wake wamejaa kihamba, ila mi nimeogopa kulowesha kwasababu likiwa limeshatobolewa kifaranga anakunywa maji, nimetumia tochi tu na nimemwambia. Kasema sawa, mwenye kuatamia ndiye mwenye mayai.

Jumapili 5 Januari

Mikono haina kazi. Saa nne imefika nikaamka kabisa nikaenda kwenye boksi, nikakumbuka hakuna kugeuza.

Jumatatu 6 Januari, siku ya 20

Saa kumi na moja jioni, yai moja kona ya kushoto lina nyota ndogo ya ufa. Nimesogeza sikio kwenye kioo. LINALIA. Kifaranga yuko ndani ya ganda na analia.

Jumanne 7 Januari, siku ya 21

Sijalala. Nimevuta godoro sebuleni nimelala chini pembeni ya boksi. Wa kwanza ametoka saa tisa na dakika ishirini usiku, alikuwa amelikata ganda mduara kama mtu anavyokata kifuniko cha kopo, anapumzika, anasukuma, anapumzika nusu saa nzima hata hatikisiki mpaka unadhani amekufa, afu kwa mara moja ganda likafunguka akamwagika nje, amelowa, mbaya, shingo haimtoshi kubeba kichwa. Baada ya masaa mawili amekauka na ni mweusi mwenye kidevu cha njano. Mpaka saa sita mchana watano. Mpaka saa nne usiku 11.

Toka wanapotoboa tundu mpaka kutoka inaweza kuchukua masaa 12 mpaka 24 na hutakiwi kusaidia. Huko ndani wanamalizia kuvuta damu ya mishipa na kiini cha njano kiingie tumboni, ukimvuta kabla anatoka damu. Hicho kiini ndo kinachomlisha siku mbili tatu bila chakula. Haya yote nayajua kwa kichwa, ila kukaa pembeni ya kioo unaona mdomo mdogo unatokeza kwenye tundu, unafunguka, unafunga, na wewe una vidole, hakuna kitu kigumu nimefanya mwaka huu zaidi ya kukalia mikono yangu.

Jumatano 8 Januari

Kosa. Saa moja asubuhi waliokauka walikuwa wanawakanyaga wenzao na kuyabiringisha mayai, nikafunua nikawatoa 11 haraka niwahamishie kwenye boksi la karatasi lenye globu. Dakika tatu hivi. Unyevu ulishuka mpaka 40. Manne mengine yametoka mchana vizuri, ila yai moja lililokuwa na tundu toka jana usiku utando wake umekuwa mweupe na mgumu kama karatasi, kifaranga akabanwa. Jioni nimelowesha na maji ya uvuguvugu kwa pamba, nimebandua kidogo kidogo, hakukuwa na damu, lakini alikuwa ameshachoka. Amekufa mkononi kwangu saa mbili usiku. Ningesubiri mpaka mchana angetoka, waliotangulia walikuwa na akiba yao tumboni, hawakuwa na njaa. Hilo naliandika wazi.

Alhamisi 9 Januari

Vifaranga 15. Manne ambayo hayakutoka nimeyapasua nyuma ya nyumba, ni lazima ujue. Matatu yalikuwa yamekamilika na manyoya yote ila kiini bado kiko nje ya tumbo. La nne kichwa kilikuwa upande wa ncha nyembamba ambako hakuna chumba cha hewa. Nimeyafukia chini ya mpapai pamoja na yule wa jana.

Hawa 15 wako kwenye maranda, joto la usawa wao 33 hivi, wiki ijayo nashusha digrii tatu kwa kuinua globu. Unaangalia wenyewe wanavyokaa, wakirundikana chini ya globu wana baridi, wakikimbilia pembeni mdomo wazi wana joto, wakitawanyika wanadonoa basi wako sawa. Kwenye sahani ya maji nimeweka mawe madogo wasizame. Jumanne tarehe 14 wanafikisha wiki, siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, tone moja jichoni kila mmoja, nimeshaongea na mtu wa duka la dawa za mifugo.

Ijumaa 10 Januari

Wamefika saa tatu usiku, basi lilikaa sana Chalinze. Nimewapokea Mbezi. Njia nzima mdogo wangu wa mwisho anauliza "dada, wanalala saa ngapi? dada, wana majina?" Tulipoingia sebuleni hakuna aliyewasha taa kubwa, walikuwa wamelala rundo moja chini ya globu, wanapumua pamoja. Wote wanne wamechuchumaa kuzunguka boksi na mabegi bado mgongoni. Baba amehesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu. Mama amenishika tu bega akaacha mkono hapohapo.

Afu akafungua kikapu. Chini kabisa, kwenye majani makavu ya migomba, bibi ametuma mayai tisa ya kuku wake, ya wiki hii yote, na hakuna lililopasuka njia nzima kutoka Marangu. Mayai yaliyosafiri hayawekwi moja kwa moja, yametikiswa, chumba cha hewa kinahitaji kutulia. Nimeyapanga kwenye trei ncha chini, mdogo wangu anachora X na mi nachora O. Yanapumzika mpaka kesho jioni.